Mguu wa Sindano

Dada yangu ana mguu wa kulia usiojua kukaa. Mchana kutwa unakanyaga cherehani, jioni unakanyaga pedali ya gitaa, na mwenyewe akikasirika unakanyaga sakafu mpaka vifungo vinaruka kwenye kopo. Baba ndiye aliyempa jina la Sindano alipokuwa mtoto, kwa sababu alikuwa mwembamba na alikuwa anachoma. Wembamba umeshamtoka siku nyingi. Kuchoma bado.

Ukimtafuta utampata kwenye chumba chake cha kushonea, chenye dirisha moja na mashati yasiyo na mikono yaliyotundikwa ukutani. Gitaa lake la umeme limetundikwa hapo hapo katikati ya mashati. Mteja akija kupimwa suruali, kabla hajatajiwa siku ya kuchukua, ataelezwa habari za pedali atake asitake. Pedali zenyewe ni mbili, vijisanduku vya chuma vya kukaa kiganjani, unavikanyaga sauti ya gitaa inageuka. Alizipata kwa mpiga gitaa mmoja aliyekuwa anaacha muziki ili auze saruji. Alimshonea mapazia ya nyumba nzima, naye akampa pedali. Mpaka leo dada anasema yule bwana alipunjwa.

"Hii ya kijani ni ovadraivu," humwambia mteja, futi ya kupimia ikiwa shingoni. "Ukigusa uzi taratibu, gitaa linaongea vizuri tu, kama mtu na adabu zake. Ukikaza mkono, sauti inaanza kukwaruza. Ni mtu aliyekasirika lakini bado anaongea. Sasa hii nyeusi ni distoshen. Huyu ameshaacha kuongea. Huyu anafoka! Geuka nikupime kiuno."

Na anazijua, jamani. Nimemwona akikaa na nobu moja ya pedali jioni nzima, anaizungusha kidogo, anapiga, anasonya, anairudisha. Mkwaruzo ukizidi, anasema, noti zote zinakuwa uji, humjui nani ni nani. Ukipungua, umebeba pedali bure. Akipiga, kidole chake cha mwisho hakibanduki kwenye nobu ya sauti ya gitaa: akiishusha kidogo, ule mkwaruzo unasafika wenyewe bila hata kugusa pedali. Na hupiga akiwa amevua kiatu cha kulia, maana anasema soli ya kiatu haina masikio.

Bendi ni ya baba. Alipofariki ilibaki kwetu watoto watatu na mzee mmoja wa drams aliyeanza naye, tunayemwita Kishindo. Sindano ndiye mkubwa na ndiye mpiga solo. Mimi ni kitinda mimba, naimba. Katikati yupo kaka yetu, mpiga rithim. Ukoo ulikaa, ukakohoa, ukasema kiongozi awe yeye. Sababu hawakuisema, lakini sote tuliiona: ana ndevu. Tunamwita Mwenyekiti, kwa kuwa huyu hata tukiwa tunakula lazima afungue kikao.

Mwenyekiti si mtu mbaya. Ila alikuwa na neno lake moja: baba alipiga safi. "Muziki wa mzee ulikuwa safi kama maji ya kunywa," alikuwa akisema, "na dada anautia mchanga." Alianza na pedali nyeusi, akaomba isije tena ukumbini. Dada akaiacha nyumbani kwa ajili ya amani. Mimi nikajua hapo tumekwisha, maana kaka ni wale wale, ukimpa shubiri atataka pima. Na kweli, baada ya muda akaja na sharti la pili.

"Jumamosi uje bila hicho kidude cha kijani," alimwambia pale pale kwenye chumba cha kushonea. "Ukija nacho, solo atapiga mtu mwingine. Nimeshaongea naye."

"Umeongea naye."

"Dada, usinifanye mbaya. Nataka tupige kama baba."

"Na nani kakwambia baba alipiga hivyo?"

"Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha, pale barazani. Nilikaa naye miaka."

Dada alimtazama, akafungua mdomo, akaufunga, akarudi kwenye cherehani. Mguu ukaanza kwenda. Kaka akaondoka akidhani ameshinda.

Mimi nilibaki naye. Bendi bila Sindano naijua: ni harusi bila bibi harusi. "Dada," nikamwambia, "kubali tu yaishe."

"Yaishe nini?"

"Ugomvi."

"Ugomvi ukiisha na mimi nimebaki bila sauti, nimepata nini?" Hakuinua kichwa. "Shuleni mwalimu alisema nacheka kama mwanamume, nikapunguza. Nikaolewa, mume akasema gitaa halimfai mke wa mtu, nikaliweka chini ya kitanda mpaka nyuzi zikaota kutu. Nimepunguza, nimepunguza, we! Sasa nipunguzwe na mtoto niliyembeba mgongoni akinikojolea?"

Nilishika shati nikaanza kushona vifungo.

Jumamosi nilifika ukumbini mapema. Watu walikuwa wameanza kuingia, wanavuta viti, wengine ni wale wale waliocheza enzi za baba, magoti yanalia lakini viatu vimepigwa rangi. Jukwaani, pembeni ya amplifaya yetu ya siku zote, nikaona amplifaya nyingine, dude kubwa la mbao lenye spika yake ndani, lililofutwa vumbi. Kaka alikuwa amesimama kando yake akitabasamu mpaka ndevu zikapanuka.

"Mashine ya baba!" akasema. "Nimeitoa stoo. Nimeiwasha nyumbani kwa sauti ndogo, inaongea vizuri ajabu. Leo dada anachomeka waya humu moja kwa moja. Watu wasikie mzee alivyokuwa."

Sindano akaingia na gitaa begani na begi mkononi. Akaiona ile mashine, akasimama.

"Una hakika?" akamuuliza kaka.

"Nina hakika."

"Hii hii? Kwa sauti kubwa?"

"Dada, usinitafutie visingizio."

"Haya," akasema. Kishindo, nyuma ya drams, akaanza kukohoa, na nilipogeuka nikaona si kikohozi.

Dada akachomeka waya. Hakuna pedali, hakuna chochote, gitaa na mashine tu. Akazungusha nobu mpaka kwenye sauti ya ukumbi, akapiga uzi mmoja.

Lahaula! Ile sauti ilitoka ikinguruma, ikakwaruza ukumbi mzima kama kiti cha chuma kinachoburutwa. Kaka aliruka. Akadhani ni waya, akaubadilisha. Ikanguruma. Akazungusha nobu hii, akazungusha ile, jasho linamtoka. Ikanguruma vile vile. Na huko kwenye viti, bibi mmoja akapiga kigelegele, na mzee mmoja akasimama akapaza sauti: "Huyooo! Huyo ndiye baba yenu!"

Kishindo sasa alikuwa ameangusha fimbo zake za drams, anacheka machozi. "Mwenyekiti," akasema, "karatasi ya hiyo spika ilitafunwa na panya wewe ukiwa hujaota meno. Baba yako hakuwa na nyingine, akapiga nayo hivyo hivyo. Ndiyo iliyotufanya tujulikane."

"Mbona mimi alinifundisha safi?"

"Alikufundisha kwa gitaa kavu, mwanangu. Barazani, bila umeme, akiwa ameshaacha kupanda jukwaani. Lingekwaruza na nini?"

Nilimhurumia kaka, kusema kweli. Alisimama pale na waya mkononi kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe na ng'ombe hayupo. Kisha akajivuta, akarudi kwenye uenyekiti wake, akasema kwa upole, tena kwa moyo wake: "Basi, dada. Kama ndivyo alivyopiga baba, nakuruhusu. Piga hivyo."

Mimi nikashusha pumzi. Nikajua yamekwisha, tumepona, nafasi yake amepata.

Sindano akachomoa waya.

"Unaniruhusu," akasema. Hakupaza sauti, lakini watu wa viti vya mbele waliacha kuongea. "Kwa hiyo mimi nipige kwa ruhusa ya panya?"

"Dada, sijasema..."

"Nilikuwa nakaa pembeni ya mashine hii nikiwa mtoto. Najua kila kitu. Ningeweza kukwambia siku ile, na ningeshinda. Sikutaka kushinda kwa mgongo wa marehemu. Baba alikwaruza kwa sababu hakuwa na la kufanya. Hata wimbo wa kumbembeleza mtoto ulikwaruza! Mimi nikitaka nawasha, nikitaka nazima. Ni mguu wangu. Siombi."

Akafungua begi, akatoa pedali ya kijani, akaiweka chini mbele ya amplifaya yetu ya siku zote. Akachomeka waya. Akavua kiatu cha kulia.

Tulianza na wimbo wa baba wa mpangaji anayefukuzwa nyumba. Ubeti wa kwanza dada aliupiga safi, bila mkwaruzo hata chembe, noti moja moja, safi kuliko maji ya kaka, na nilimwona kaka akimkodolea macho, maana alikuwa hajui kama anaweza. Ubeti wa pili mguu ukashuka. Alikuwa anagusa nyuzi taratibu, ule mkwaruzo unaonekana na kujificha, unaonekana na kujificha. Ubeti wa tatu ndipo mpangaji anaposema sitoki. Wimbo ule nimeuimba miaka, na siku zote nilikuwa naimba "sitoki" kama mtu anayeomba radhi. Dada akakaza mkono, gitaa likapasuka, na mimi nikasikia koo langu linafunguka. Nikafoka. Sitoki! Nywele zilinisimama. Nilikuwa na furaha mpaka nikataka kulia.

Kaka alikuwa ameacha kupiga. Alimtazama Kishindo ili amkatishe dada, Kishindo akatazama dari. Akanitazama mimi, nikafumba macho nikaendelea kuimba. Tukarudia sitoki mara ya pili, ya tatu, na mahali pa rithim palikuwa na shimo ambalo kila mtu alilisikia. Mara nikasikia gitaa lake limeingia. Liliingia likiwa limechelewa, likakaa sawa.

Watu walicheza mpaka viti vikasogezwa ukutani.

Tulipokuwa tunakunja waya, kaka alikuja akasimama mbele ya dada, mikono nyuma. Akasafisha koo. "Dada," akasema, "hebu tukae kidogo, tuzungumze."

"Kaa wewe," dada akamjibu, akivaa kiatu chake. "Jumamosi ijayo nakuja na pedali zote mbili."