Mzigo wa Kujitwisha Mwenyewe

Wanaoniuliza jinsi ya kujiandaa kwa safari ya nje ya nchi hutarajia nianze na pasi na chanjo. Hayo ni ya lazima, nami nitayafikia. Lakini kanuni ya kwanza ni hii: usifungashe mzigo ambao huwezi kujitwisha mwenyewe.

Mwaka 1978 nilikuwa mjane wa mwaka wa tatu, hapa Didia. Kusoma nilikuwa nimejifunza ukubwani, katika darasa la watu wazima, nikiwa tayari na binti wa kuoza. Binti huyo, mwanangu pekee, aliishi Kitwe, Zambia, ambako mumewe alikuwa fundi migodini. Mwezi Machi aliniandikia kwamba mimba yake ya kwanza ingetimia katikati ya Juni. "Mama, huku sina mtu wa kunikanda," alisema. Niliisoma barua hiyo kwa macho yangu, na siku hiyohiyo nikaamua kwenda.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliamua vingine. Tangu matanga yaondolewe alikuwa akingoja nikubali kurithiwa. Katika mgawo wa vitu vya kaka yake alikuwa amechukua sanduku la ngozi. Aliposikia habari za safari, alikuja nalo akaliweka mlangoni pangu.

"Shemeji, sanduku hili linarudi pamoja na mimi."

"Liliondoka peke yake," nikamjibu. "Lirudi peke yake, au lisirudi."

Akacheka. "Sasa utavuka mpaka na nini? Na gunia?"

"Na gunia."

Nililifua gunia la pamba, nikalitia kanga kuukuu kwa ndani, nikaishona ukingoni mwa mdomo wa gunia kwa sindano ya magunia. Kisha majirani wakaanza kuleta vifurushi: michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, karanga, choroko, kunde. Kwetu msafiri hakatai cha kupeleka. Ndiyo maana wasafiri wetu wengi hukesha stesheni wakilinda mizigo ya watu. Mimi nilichota gao moja tu, ujazo wa kiganja, katika kifurushi cha kila mmoja, nikavifunga vyote katika kitambaa kimoja. Walionuna walinuna.

Jaribio langu lilikuwa njia ya kisimani. Mara ya kwanza nilishindwa hata kulinyanyua gunia kutoka chini. Nikatoa kinu. Nikatoa sufuria, Zambia nako watu hupika. Kila asubuhi nilijitwisha, nikaenda na kurudi, na kila kilichoilalamisha shingo kilibaki nyumbani. Mwishowe zilibaki nguo, kitambaa cha michembe na vinginevyo, na samli ya uji wa mzazi katika chupa niliyoiziba kwa nta. Niliongeza sweta, kwa kuwa Juni ni baridi kule, ingawa watu walinicheka. Viatu vipya nilivivaa shambani hadi vikanizoea. Pasi, cheti cha chanjo na anwani ya mwanangu niliviweka katika mfuko nilioushona ndani ya kamisi, mahali ambapo mkono wa mwingine hauna ruhusa.

Siku ya kuondoka ilikuwa Jumanne, tarehe 6 Juni. Kwetu mama hajitwishi mzigo wa safari watu wakiwapo. Hutwishwa, na anayemtwisha ndiye anayemuaga. Ua ulijaa. Shemeji akasimama katikati.

"Asimguse mtu! Anayeweza kuvuka nchi bila mwanamume hashindwi na gunia."

Wanawake wakatazama chini. Lori la kwenda Shinyanga lilikuwa likipiga honi barabarani, na nikilikosa, nisingewahi treni. Nilipiga goti, nikaweka ngata ya kitambaa kichwani, nikalipandisha gunia pajani, kama nilivyozoea kufanya peke yangu kisimani.

Mama mkwe wangu akainuka kwenye kigoda, akaja hadi nilipopiga goti.

"Mama! Nimesema asimguse mtu," shemeji akafoka.

"Simgusi yeye. Nagusa ngata." Akainyoosha ngata kichwani pangu. "Ilikuwa imekaa upande, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma chetu. "Haya, inuka."

Nikainua gunia kutoka pajani hadi begani, kutoka begani hadi kichwani, nikasimama.

"Utanitafuta!" shemeji akanipigia kelele nikiwa nimekwisha kutoka uani.

"Ukinikosa, niulizie Kitwe!"

Wanawake walicheka, kwanza mmoja, halafu ua mzima. Sikugeuka; mwenye mzigo kichwani hageuki ovyo.

Treni hadi Dar es Salaam, treni nyingine hadi Zambia, kisha basi. Mlango wa nyumba yake Kitwe ulipofunguliwa, mwanangu alinyoosha mikono anitue.

"Ondoa mikono," nikamwambia.

Nilijitua mwenyewe, maana tumbo lake lilikuwa bado mbele yake.