Fundi Aliyeipunguzia Kompyuta Yangu Mbio

Mama yangu alipougua, nilianza kuandika maisha yake akisimulia kitandani. Lakini kompyuta ilichemka mno, na betri haikumaliza hata saa moja. Nikaipeleka mtaa wa Kimisagara kwa fundi, mwanamke aliyekulia Tanzania, nikidhani ataniuzia betri mpya.

“Betri yako nzima, dada,” alisema. “Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ndiyo inakimbia bure. Kuandika hakuhitaji mbio hizo.”

Akaipunguzia kasi, kisha akashusha volti, yaani nguvu ya umeme unaoilisha prosesa, kidogo kidogo, akiijaribu kompyuta kila mara isije ikazimika ghafla. Kesho yake mama alisimulia asubuhi nzima, nami niliandika bila kumkatiza.

Alifariki wiki chache baadaye. Habari za utoto wake ninazo zote, na namshukuru sana fundi yule.