Nyimbo Mpya za Mwaka Huu na Vipigo Vyake

Kila Desemba gazeti la Jumamosi huwauliza watu wakubwa ni nyimbo gani mpya zimewagusa mwaka huo. Mimi hakuna aliyeniuliza. Lakini nyimbo za mwaka huu zimenigusa kuliko wao wote, na alama niko nazo: za matakoni, za mgongoni, na pengo hapa mbele ambapo jino langu lilikuwa likikaa na wenzake bila ubaya na mtu.

Januari kulitoka ule wimbo wa vijana wawili wanaofoka kwa Sheng kuhusu msichana aliyewaacha wote wawili akaenda kwa mwenye bucha. Kiitikio chake ni sauti ya kisu kinachonolewa, shwii, shwii, mara nane. Sisi tuko bweni huku Kajiado na tuliusikia kupitia redio ya bawabu, tumebana masikio kwenye mabati ya kibanda chake. Niliandika maneno yote nyuma ya daftari langu la Jiografia. Mwalimu alipolifungua alikuta mito ya Ulaya kurasa mbili na mwenye bucha kurasa tisa. Aliniita mbele ya darasa, akaniambia niinamie meza na niimbe. Kila nilipofika kwenye shwii, fimbo ilishuka. Serikali ilikuwa imeshapiga marufuku viboko, lakini habari hiyo ilikuwa bado haijafika Kajiado. Nilimaliza nane nikilia puani, na nakiri hadi leo kwamba mwalimu hakukosa mdundo hata mara moja.

Aprili ukaja wimbo wa kwaya moja ya kule magharibi tulikotoka, wa kumwomba Mungu ainue mzigo. Mama aliupenda hadi akauimba akikuna nazi, na sisi kwetu hata nazi hatuli sana. Mimi niliubadilisha. Nikamwomba Mungu ainue kifuniko cha sufuria tuone kama kuna nyama. Niliuimba nikiosha vyombo nje ya nyumba tuliyopanga Kitengela, na kwenye ubeti wa pili sikujua baba amesimama nyuma yangu, ametoka kiwandani na vumbi la simiti kwenye nyusi. Alifungua mshipi. Mtu anayebeba mifuko ya simiti miaka kumi na mbili hapigi kama walimu. Chuma cha mshipi kilinifungua mgongo, na mama alisimama mlangoni akimwambia asipige kichwa, kichwa ndicho wanachokilipia karo.

Hizo zote ni cheko. Nazisimulia bwenini watu wanaanguka vitandani. Wimbo wa Agosti sijawahi kuusimulia.

Kwanza mjue rafiki yangu. Ni kijana wa mwenye ploti tunayopanga, watu waliokuja kutoka Murang'a wakanunua shamba Kitengela wakati hapo palikuwa bado ni swara na nyasi. Tunasoma darasa moja. Yeye ndiye mbio mita mia mbili, mimi ndiye mdomo. Tulikuwa na kanda moja ya pamoja: upande A wangu, upande B wake. Kila mtu alirekodi za kwake, na likizo yote kanda ilivuka ua kutoka kwao kuja kwetu kama kibiriti.

Wimbo wenyewe ni wa yule dada anayeimba kama anakugombeza, kisha katikati anacheka kicheko kirefu na ngoma zinanyamaza kumngoja. Redio zote ziliupiga, lakini watangazaji walikuwa na tabia ya kuropoka kabla haujaisha, kwa hiyo hakuna mtu Kitengela aliyekuwa amesikia mwisho wake. Ikavuma kwamba jamaa wa kibanda cha kurekodi, karibu na uwanja wa mbuzi, ataleta kanda halisi kutoka Nairobi siku ya Jumamosi. Tulikubaliana na rafiki yangu tukutane pale saa nne. Mimi nilifika saa tatu.

Kwa hiyo alipofika, wimbo ulikuwa unamalizikia kuingia kwenye upande A. Upande wangu. Alisimama pale akisikiliza mwisho ambao hakuna aliyekuwa ameusikia, akaniangalia, akacheka. Jamaa wa kibanda alipotoa kanda kwenye deki, rafiki yangu aliidaka kabla yangu.

"Sasa imekuwa B," akasema, akatoka mbio.

Kumkimbiza mimi sikuweza, na yeye alijua. Alikata katikati ya uwanja wa mbuzi, kanda juu mkononi, akigeuka nyuma kunicheka. Ilikuwa siku ya soko, pamejaa. Nikaona ananishinda mbele ya watu wote, na utani ni kazi yangu, si yake. Nikaweka mikono mdomoni.

"Mwizi! Huyo! Shika yeye!"

Sekunde tatu za kwanza zilikuwa tamu. Mwuza makaa alinyoosha mguu, rafiki yangu akaruka hewani kama mbuzi, akatua na kidevu kwenye kokoto. Mimi nilicheka. Yeye pia alikuwa bado anacheka, meno yana damu, akijaribu kuinuka. Kisha mtu akampiga teke la mbavu na kicheko kikakatika.

Nilikuwa nimewahi kuona watu wakipiga mwizi, lakini kwa mbali, kama kila mtu. Kwa karibu kuna sauti. Teke likiingia tumboni linatoa sauti ya gunia. Walitoka kila upande, wengine wakiwa na chai mkononi, wakaiweka chini kwanza. Jiwe la kwanza lilimpata begani. La pili lilirushwa na mama wa nyanya, yule ambaye jioni zote anamwita rafiki yangu 'mkwe wangu' na kumwongezea mbili za bure. Hakuona sura, sura ilikuwa tayari chini ya viatu. Nyuma niliona kijana wa kuziba pancha akibingirisha tairi kuukuu kuja upande wetu, bila haraka, kama mtu aliyetumwa dukani.

Nikajipenyeza. Nilisema ngojeni, nilisema huyu si mwizi, nilisema mambo mengi ambayo sikumbuki. Mwanaume mmoja wa kichinjioni, mwenye gambuti zenye damu ya asubuhi, alinishika kola akaniinua.

"Wewe unamjua huyu?"

Watu kama kumi waligeuka. Mmoja wao alikuwa na rungu, ameliinua, anangoja jibu langu ajue alishushe kwa nani. Chini, kati ya miguu, niliona uso wa rafiki yangu, shavu moja kwenye vumbi, jicho moja wazi.

"Simjui," nikasema.

Nililisema upesi, kama unavyoitika jina darasani. Rungu likamshukia yeye, kwenye sikio la kushoto. Nimesikia nyimbo nyingi mwaka huu lakini nikifunga macho ninachosikia ni sauti ya rungu hilo.

Kilichomwokoa si mimi. Ni mbuzi. Vurugu ilikuwa imetawanya mbuzi wa mama mmoja wa Kimaasai anayeuza pale kila Jumamosi, na wanne walikuwa tayari wamefika barabara kuu ya Namanga. Mama huyo aliingia katikati ya wanaume akitumia fimbo yake ya kuswagia, akipiga mapaja na mikono bila kuchagua, hadi akafika pale chini. Hakuja kuokoa mtu. Alikuwa anatafuta wa kulaumu.

"Mwenye kuibiwa ni nani?" akauliza. "Mbuzi yangu imeenda yote. Mimi nataka mwenye kuibiwa."

Watu wakatazamana. Mwuza makaa alimwangalia mwenye gambuti, mwenye gambuti akamwangalia mwenye rungu. Hakuna aliyejua. Wote walikuwa wamesikia jina mwizi, na hakuna aliyekuwa ameuliza la zaidi. Mama akainama, akafungua vidole vya rafiki yangu kimoja kimoja, akatoa kanda. Akaiinua juu.

"Ero, ni hii? Mnaua mtoto ya watu na hii? Ni ya nani?"

Niliona vizuri kabisa njia zote mbili. Nikisema ni yangu, yeye ni mwizi, na tairi liko hapa. Nikinyamaza, watapata jibu lao wenyewe. Nilikojoa kidogo, nitasema ukweli.

"Ni yake," nikasema.

"Yake namna gani?" aliuliza mwenye gambuti, bado ameshika kola yangu. "Mtu anajiibia?"

"Ni yake. Hakuiba. Mimi ndiye niliita. Nilikuwa nacheza."

Nikasikia deki ya kibandani ikimrekodia mtu mwingine wimbo ule ule. Yule dada alikuwa anacheka kicheko chake kirefu.

"Ulikuwa unacheza na sisi?" mwenye gambuti akauliza, pole pole, karibu kwa upole.

Jino lilitoka na ngumi ya kwanza. Ya pili ilinifunga jicho. Nilipoanguka, walionifuata walipiga kwa bidii kuliko walivyompiga yeye, maana sasa walikuwa na aibu na hawakuwa na mahali pengine pa kuiweka. Mama wa mbuzi naye alinipa fimbo tatu mgongoni, palepale baba alipokuwa ameandika Aprili. Kisha akawaambia waniache nikamtafutie mbuzi. Nikaenda. Jicho moja, mdomo umejaa damu, nikirudisha mbuzi kutoka barabarani, kwa sababu mtu alikuwa ameniambia la kufanya na mimi mwenyewe sikuwa na wazo.

Niliporudi walikuwa wanampakia kwenye mkokoteni. Ni wale wale. Mwuza makaa alishika kichwa kama anashika mayai. Mama wa nyanya alikuwa amevua leso yake amemfunga nayo, analia kwa sauti.

"Mkwe wangu," alikuwa akimwambia, "si ungesema ni wewe."

Alilazwa Kajiado, hospitali ya wilaya. Mbavu mbili, mkono mmoja, na daktari akamwambia baba yake kwamba sikio la kushoto halitarudi. Siku ya tano baba yangu alinipeleka. Njiani hakunigusa. Mama wa rafiki yangu alikuwa kando ya kitanda, akainuka akatuachia nafasi bila kunitazama.

Nilikuwa nimetayarisha vichekesho vitatu. Nilitoa cha kwanza, kuhusu mbuzi. Hakucheka. Nikamwambia pole kwa kuita mwizi.

"Kuita ilikuwa mchezo," akasema. Midomo yake ilikuwa bado imevimba, akaongea kama mzee. "Hata mimi ningekuita. Nilijua utaita kitu."

Nikapumua. Nikadhani yameisha.

"Lakini nilikusikia ukisema hunijui," akasema. Akagusa bandeji ya sikio. "Hii ndiyo ilikuwa juu. Hiyo ndiyo kitu ya mwisho imesikia."

Vichekesho viwili vilivyobaki nilivimeza. Mama yake alisimama dirishani, ametugeuzia mgongo, mabega yake hayatikisiki. Baba yangu aliniangalia mara moja tu. Nilitamani afungue mshipi.

Sasa ni Desemba na redio inasema ule ndio wimbo wa mwaka. Unapigwa hadi mwisho siku hizi, watangazaji wamejifunza kunyamaza. Kwenye orodha yangu sijaupa namba. Rafiki yangu alirudi shule muhula wa tatu, mbio hajaanza. Tunatembea pamoja kama zamani, lakini yeye ndiye huchagua nikae mkono gani. Akitaka kunisikia ananiweka kulia. Jana tukitoka posho mill kusaga mahindi alinizunguka, akaniacha kushoto. Niliongea njia nzima.