Pombe ya Miwa Siku ya Mahari

Hakuna kitu hunikasirisha kama wazee kuletewa pombe ya miwa siku ya mahari. Tangu Uhuru natengeneza pombe hapa Skuta, ya asali kwa wanaojua, ya miwa kwa wasiojua. Ijumaa mgeni kutoka Wang'uru aliniomba ya asali, nami nikamjazia ya miwa. Mkulima wa mpunga atajua nini?

Jumamosi watu walikuja kumposa binti ya ndugu yangu. Nilipewa pombe yao nionje kwanza, nikaitema.

"Hii ni miwa," nikafoka. "Mnatuona wajinga? Nileteeni huyo fundi aliyewauzia."

Baba ya kijana aliinamisha kichwa. "Tusamehe, mzee. Tuliomba ya asali."

Hapo mgeni wangu wa Ijumaa akaingia na mtungi wa pili, akaniona, akafurahi.

"Kumbe fundi mwenyewe yuko hapa."