Kungoja Giza la Juni

Nilifika Stockholm mapema miaka ya sabini, mwezi wa Juni, nikiwa na miaka kumi na saba. Darasa la saba nilikuwa nimemaliza, na shule ikaishia hapo. Dada yangu na mumewe, aliyekuwa mwanafunzi, walikaa Sundbyberg, kando ya jiji, nami nililetwa nimlee mtoto wao wa kike wa miaka mitatu. Nilikuwa na haya nyingi. Mlango ukigongwa, nilikimbilia jikoni.

Jambo nililoliweza ni kupiga ngoma. Bibi alinifundisha kwenye harusi za kwetu, upande wa wanawake, nyuma ya pazia. Kwa hiyo wenzetu wa Tanzania na Kenya walipopanga kula sikukuu ya katikati ya kiangazi pamoja na majirani Waswidi, dada akanitaja mimi.

"Nitapiga," nikasema, "lakini giza likishaingia, nisionekane."

Shemeji akatabasamu nyuma ya gazeti. Sikuelewa. Nilikuwa na wiki moja tu mjini, nikilala mapema na mtoto, mapazia mazito yamefungwa.

Siku yenyewe tulikwenda kwenye uwanja wa majani kando ya ziwa. Waswidi walisimamisha mlingoti uliovikwa majani na maua, wakauzunguka wakiimba. Wanaume wazima wenye tai walichuchumaa wakaruka kama vyura! Nilicheka hadi nikauma pindo la khanga. Tukala samaki wao wa siki, wakala pilau yetu, wakaongeza.

"Haya, sasa zamu yetu," dada akaniita.

"Ngozi imelegea," nikasema. Ni kweli unyevu wa ziwa hulegeza ngozi, na ngoma hupashwa moto kabla ya kupigwa. Nikaisogeza kwenye moto tuliokuwa tumeuwasha pale kando, nikaigeuza, nikaigonga. Ilikuwa tayari. Nikaigeuza tena.

"Mdogo wangu," dada akasema, "hiyo ni ngoma au mshikaki?"

Saa mbili ya usiku ikapita, jua lingali juu ya miti. Mama mmoja Mkenya akashika kiuno. "Wewe msichana, unangoja giza? Giza ya hapa inakuja mwezi wa tisa!"

Watu wakaangua kicheko. Nilitamani kuingia ziwani.

Ndipo nikaona majirani wanaanza kukunja mablanketi yao. Bibi kizee wa ghorofa ya chini akamuuliza dada jambo kwa Kiswidi. Dada akanigeukia, sauti imeshuka. "Anauliza kama yamekwisha, waende zao." Miaka mitatu alikuwa akiwasalimia ngazini tu, leo ndiyo mara ya kwanza kwao kukaa naye.

Nikaibeba ngoma hadi ukingoni mwa maji. Nikawapa wote mgongo, kama niko nyuma ya pazia, nikapiga.

Kwanza nilisikia vigelegele vya yule mama Mkenya. Kisha mtoto wetu akaja mbele yangu, miguu majini, akacheza. Bibi kizee akamfuata amevua viatu. Wengine wakaja, hawa kwa kulia, hawa kwa kushoto, hadi duara likanifunga katikati, nusu yao wamelowa magoti, na mwanamume mmoja mwenye tai anaruka kama chura katika ngoma ya harusi ya kwetu.

Jua lilizama saa ngapi, sijui. Sikuangalia.