Mazabodi ya Kizazi cha Saba

Baba yangu, Tu Ching-yuan, alitumia miaka thelathini na moja ya maisha yake ndani ya mashimo ya lifti. Huku kwetu Sanchong, ng'ambo ya mto kutoka Taipei, watu walimjua kwa begi lake la ngozi la vifaa, na kwa tabia yake ya kusimama mlangoni mwa lifti na kusikiliza kwanza kabla ya kuingia. Mama alikuwa akiona haya.

"Ingia bwana, watu wanangoja!"

"Kuna beringi inalia humu," baba husema, halafu anaingia na kunyamaza mpaka ghorofa ya saba.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mimi nilimrithi kimya chake bila kuirithi mikono yake, na kati ya hivyo viwili nilichukua kilicho na faida ndogo.

Mwaka ule niliokuwa mwaka wa tatu chuoni, baba alipata kiharusi. Kilikuwa chepesi, daktari alisema, na kweli mdomo wake ulirudi mahali pake katika wiki mbili na mguu katika miezi miwili. Mkono wa kulia ndio uliobaki ukitetemeka, si sana, kama mtu aliyeshika kikombe chenye chai ya moto. Kampuni yake ilimsubiri muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Kisha ikamletea karatasi mbili achague moja: arudi kwenye mashimo kuanzia mwezi wa kumi na moja, au astaafu mapema kwa heshima. Jibu lilitakiwa kufikia Jumatano, siku ya mwisho ya mwezi wa kumi.

Baba alizikunja zote mbili akaziweka chini ya redio. Wiki nzima hakuzitaja. Siku moja wakati wa chakula akasema, akinitaja mimi bila kuinua macho kutoka kwenye bakuli, "A-Chun anahitaji kompyuta ya kuandikia tasnifu yake. Nitaiunga mwenyewe."

"Wewe? Umewahi kuunga kompyuta?" mama aliuliza.

"Sijawahi. Ndiyo maana." Akatafuna kwanza. "Skrubu zake ni ndogo kuliko zote nilizowahi kushika. Nikiiunga ikawaka, narudi kazini. Isipowaka, nasaini ile nyingine. Sitaki kumwangushia mtu lifti kichwani kwa sababu ya ubishi wangu."

Mama alicheka kidogo, akidhani ni utani. Mimi nilimtazama, nikajua si utani.

Kazi ya kuchagua vifaa ilikuwa yangu. Tulikuwa na dola elfu kumi na nane za kwetu tu, ambazo mama aliziweka kwenye bahasha ya harusi iliyokwisha kazi yake. Kwa wiki tatu nilisoma mabaraza ya mtandaoni ambako vijana wanabishana kuhusu feni kama wazee wanavyobishana kuhusu siasa. Nilijifunza kwamba kununua kifaa kizuri hakutoshi, lazima kikubaliane na wenzake: prosesa na mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba vifaa vyote, mazabodi na ramu, vyote na boksi la umeme. Niliandika orodha kwenye ukurasa mmoja, nikaifuta na kuiandika upya mara tano, mpaka nikawa na hakika kwamba hakuna kitu humo kitakachomkataa mwenzake.

Mahali pa kununua palikuwa pamekwisha kuamuliwa. Tulikwenda kwa Lai Kun-jung, mwenye kiduka chembamba karibu na Barabara ya Bade. Yeye na baba walikuwa makuruta pamoja katika kisiwa cha Dongyin, mmoja kitanda cha juu, mwingine cha chini. Kwa wanaume wa rika la baba, mtu wa namna hiyo ni zaidi ya ndugu. Ukinunua kwake huombi kupunguziwa bei, huombi risiti, na kitu hukirudishi. Yeye naye hakuachi uondoke bila nyongeza.

Tulifika Jumamosi asubuhi, naye Lai akampokea baba mlangoni.

"A-Yuan! Bado hujafa?"

"Nakungoja utangulie. Si ndiwe uliyekuwa wa kwanza kwenye foleni kila siku ya nyama?"

"Na huyu ndiye msomi? Mbona umekonda hivi, mwanangu? Huko chuoni mnakula vitabu?"

Nilimwamkia, nikacheka kwa adabu, nikampa orodha. Aliisoma akiwa ameinua miwani kwenye paji la uso, karatasi ikiwa karibu na pua.

"Mwandiko kama wa karani wa hekalu. Haya. Prosesa ninayo. Ramu ninayo. Kasha lipo. Mazabodi hii..." Akajikuna shingo. "Hii imeniishia. Lakini ninaye dada yake."

Akapanda ngazi fupi, akashuka na boksi alilolipangusa vumbi kwa mkono wa shati.

"Tundu lilelile, pini zilezile, na mnabakiza elfu moja na mia tano. Mkazitie kwenye boksi la umeme la maana, si hili mliloandika la kuchemshia mayai."

Baba alifurahi. Mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni tangu tulipoingia. Ule wa kushoto ukalipokea boksi na kulipima uzito, kama anavyopima kila kitu.

Mimi nilisoma maandishi ya ubavuni. Prosesa yetu ilikuwa ya kizazi cha nane. Mazabodi ile ilikuwa ya kizazi cha saba. Baba mkubwa Jung, kama nilivyomwita Lai, hakusema uongo: umbo la tundu lilikuwa lilelile, na prosesa ingelala pale kama yai kwenye kiota. Ila mazabodi isingeitambua. Feni zingezunguka na skrini ingebaki nyeusi. Nilikuwa nimesoma malalamiko ya watu waliofanya kosa hilohilo, kurasa na kurasa.

"Baba mkubwa," nikasema, "hii si ni ya kizazi cha..."

"Eh?" Akanigeuzia sikio.

Baba alinitazama. Hakunitazama kwa ukali. "A-Chun, mmiminie baba mkubwa chai. Kikombe chake kitupu."

Nikammiminia chai. Wakarudi Dongyin kwa mazungumzo, kwenye baridi na panya na sajenti aliyekuwa akilia akilewa. Tulipoondoka baba mkubwa Jung alitupa kipanya na zulia lake bure, na machungwa manne kwenye mfuko.

Njiani nilijiambia nitasema tukifika nyumbani. Nyumbani nikajiambia nitasema baada ya chakula. Kumsahihisha baba mbele ya mwenzake wa kambi kusingewezekana, hilo bado nalitetea. Lakini saa nzima tuliyokaa kwenye basi, mimi na yeye tu, na mfuko wa machungwa magotini mwangu, hiyo siwezi kuitetea.

Jumapili mchana alitandika magazeti kwenye meza ya sebuleni. Alinawa mikono kama daktari wa upasuaji, akashika bomba la maji kuondoa umeme wa mwilini, akapanga skrubu kwa ukubwa kwenye visahani vya mchuzi wa soya. Nilikuwa nimekaa mbele yake. Mama alipita akaninong'oneza, "Leo amekula mabakuli mawili. Hajala hivyo tangu augue." Basi nikameza maneno yangu tena.

Ilimchukua saa tatu. Alipohitaji kushika kitu kidogo alikamata kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akavuta pumzi, akangoja mtetemo upungue, halafu akakitia. Prosesa aliitia mara moja tu, taratibu, wala hakuigusa mara ya pili. Ilikuwa kazi safi. Hata nyaya alizifunga kwa mpangilio wa kifundi, kama zile za juu ya lifti ambazo hakuna abiria anayeziona.

Akabonyeza.

Feni zikazunguka. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Mama akapiga makofi.

Skrini ikabaki nyeusi.

"Ngoja kidogo, labda inapasha moto," mama alisema.

Baba alizima, akachomoa ramu, akairudisha. Akabonyeza. Akafungua feni, akaitoa prosesa, akaipangusa, akairudisha. Mara nne, mara tano. Jasho lilimtoka ingawa upepo wa mtoni ulikuwa umekwisha kuanza kuwa wa baridi. Mwisho alichukua kioo cha kukuzia na kuinamia tundu lile, ambalo ndani yake mna pini zaidi ya elfu moja, nyembamba kuliko nywele. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Hii hapa," akasema. "Naona kama imelala."

"Ipi?"

"Hii. Nimeipinda. Mkono umecheza wakati wa kutia."

"Baba, labda si mkono."

"Basi ni nini?"

Aliniuliza kwa dhati. Aliweka kioo chini, akanitazama, akangoja. Jibu lilikuwa jina la rafiki yake, na nyuma ya jina hilo lilikuwapo lingine baya zaidi: kwamba nilijua, na nikamwacha ahangaike saa tatu mbele ya macho yangu.

"Sijui," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akaanza kukusanya skrubu, moja moja, kwa mkono wa kushoto.

Nilikuwa na mpango wangu. Watu waoga huwa na mipango. Jumatatu jioni ningelipwa fedha za masomo ya ziada niliyokuwa nikimfundisha binti wa jirani. Jumanne ningenunua mazabodi inayofaa, duka jingine, na kuibadilisha wakati baba yuko matembezini. Angeikuta inawaka. Jumatano ingefika naye ana jibu jingine, na hakuna ambaye angepoteza uso wake kwa aibu: si baba mkubwa Jung, si baba, wala mimi.

Nilifanya hivyo. Jumanne sikwenda chuo. Saa tisa na nusu alasiri ile kompyuta iliwaka kwa mara ya kwanza, maandishi meupe yakapanda kwenye skrini, nikakaa sakafuni na kulia kwa furaha kama mjinga. Kila kitu kingine nilikiacha kama alivyokifunga yeye.

Saa kumi mlango ulifunguliwa. Baba alikuwa amevaa shati la kazini, lile zuri. Mkononi alibeba shada la maua lililofungwa kwa karatasi ya plastiki.

"Umetoka wapi?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Kazini. Nimekwenda kusaini."

"Si ilikuwa kesho?"

"Kesho na leo zina tofauti gani?"

Ndipo akaiona skrini. Aliyaweka maua juu ya kiti, akaja, akainama. Akagusa kasha kwa vidole viwili, kusikia feni.

"Umebadilisha nini?"

"Mazabodi."

"Na ile pini?"

"Pini zote zilikuwa nzima, baba. Mkono wako haukukosea kitu. Ile mazabodi ilikuwa ya kizazi kingine, isingewaka hata angeiunga nani."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kisu mkononi na kitunguu nusu. Baba alikaa.

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema jana. "Dukani," nikasema.

Aligeukia skrini. Kisha akauliza, "A-Jung anajua?"

"Hajui."

"Basi asijue."

"Asijue!" Mama alilipuka. "Yeye asijue, na wewe usaini! Miaka thelathini na moja! Mnatunziana nyuso mpaka mnakosa mikono! Na wewe A-Chun, huo ulimi umeuweka akiba ya nani?"

"Hsiu-man, majirani," baba akamwambia mama.

"Majirani wasikie!"

Nilimwomba twende kesho yake asubuhi, ingekuwa bado Jumatano, siku ya mwisho. Ningezungumza mimi, ningemweleza meneja kila kitu. Na kweli siku ile ningezungumza, mimi ambaye hata kuomba chenji ya nauli naona haya.

"Nimekwisha kabidhi kadi na funguo," baba alisema. "Wakasimama wote, wakanipigia makofi. Hata yule wa mapokezi alilia. Mtu akishapigiwa makofi anarudije kesho yake, A-Chun? Anasemaje?"

Hakwenda. Sasa ni mlinzi wa maegesho ya magari kule Xinzhuang, anakaa kwenye kibanda chenye hita ndogo, na madereva humwita mzee. Tasnifu yangu niliiandika kwenye kompyuta ile, nikapata alama nzuri. Sikusikia hata mara moja akinilaumu. Mara mbili au tatu nilijaribu kumwomba radhi, naye akaniuliza kama nimekula.

Nilidhani ukweli, hata ukichelewa, ungemrudishia japo kile kidogo: kujua kwamba mkono wake ulikuwa mzima. Alinisikia nilipomwambia, na aliamini, maana aliiona skrini kwa macho yake. Lakini siku mbili zilikuwa zimepita. Jumapili ile, baada ya kukusanya skrubu, mama alipotenga chakula, baba alihamisha vijiti vyake kwenye mkono wa kushoto. Vilimponyoka mara nyingi, tofu ikaanguka mezani, naye akaiokota. Mimi niliona, nikaendelea kula. Hadi leo anakula kwa mkono huo, na siku hizi hata tonge moja haliangushi.