Siku Kisa Alipopumzishwa

Jumamosi ile ya mechi ya kumuaga chuoni, Kisa alifika uwanjani na vumbi la mpunga shingoni. Tangu alfajiri alikuwa Katumba Songwe, kwenye majaruba ya baba yake, ameinama na mundu pamoja na mama yake na wadogo zake. Mpunga ukishakauka haumsubiri mwenye mechi, na mto Songwe ulikuwa umeshameza kipande cha chini masika yalipokolea. Kilichobaki kilitaka mikono upesi. Jua lilipopita utosini akanawa miguu mferejini, akaaga, akapanda bodaboda ya Aliko, mtoto wa mama yake mdogo, kuelekea Mbugani.

Njiani usingizi ulimchukua mgongoni kwa Aliko. Kila alipolegea, Aliko alimgonga goti kwa kiwiko.

"Dada, ukidondoka leo," akamwambia, "watu wa Mbugani watanichoma moto pamoja na pikipiki."

Kisa akasema hadondoki. Akafumba macho tena.

Uwanja wa kikapu wa chuo cha ualimu pale Mbugani ni sakafu ya saruji iliyochanika nyufa, na majani huchungulia humo baada ya kila mvua. Una magoli mawili ya chuma, na moja limeinama kama mtu mwenye sikio bovu. Siku za kawaida watazamaji ni wanafunzi wachache na mbuzi wa jirani. Siku ile watu walikuwa wamejaa hadi juu ya ukuta wa jiko la chuo. Wengine walitoka Ipinda, wameacha mchele wao sokoni kwa wenzao. Kati ya miti miwili walikuwa wametundika shuka jeupe lililoandikwa kwa rangi ya milango: KISA HAKIISHI.

Maneno hayo yalikuwa ya Salim, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mbugani. Kwa Kinyakyusa, Kisa ni huruma. Mama yake alimpa jina hilo kwa kuwa alikaa tumboni baada ya wengine wawili kutokaa. Lakini Salim, ambaye babu yake alikuja Kyela kutoka pwani na mizigo ya nguo, alisikia Kiswahili kitupu. Kisa ni hadithi. Mwaka wa kwanza wa Kisa pale chuoni, alipomwona msichana yule mrefu akiruka, akianguka, akiinuka na kuruka tena mpaka kipenga cha mwisho, Salim alisimama juu ya kreti la soda akapaza sauti kwamba kisa hiki hakiishi. Watu wakacheka. Wiki iliyofuata wakaimba. Kutoka hapo haikuwa safari ndefu kufika kwenye neno jingine, na ndilo lililomganda Kisa kama utomvu wa ndizi: hachoki.

Alipotoka kwao hakuwa ameushika mpira wa kikapu hata siku moja. Mwalimu Gwamaka, kocha, alimwona siku ya kushusha matofali ya bweni jipya. Wanafunzi walijipanga mstari wakirushiana tofali mkono kwa mkono, na kila tofali lililokwenda kombo, Kisa alikuwa amekwishalidaka kabla wenzake hawajajua limekosewa. Mwalimu hakuuliza mengi. Jioni ile ile akampa jezi iliyomfikia juu ya kitovu.

Tangu hapo kazi yake ilikuwa ni hiyo, kuokota kilichokosewa. Kufunga alifunga mara chache. Wengine walirusha mpira, ukagonga chuma ukarudi, naye akawa chini ya goli, amejibana katikati ya viwiko vya watu, akiupokea kama apokeavyo mtu mkungu wa ndizi unaoanguka. Watu wa Kyela waliupenda uchezaji huo kuliko wa wafungaji, maana ni watu wa shamba, wanajua thamani ya anayerudi nyuma kuokota masuke yaliyosahauliwa. Walimpenda kwa haki kabisa. Ila kwa kuwa waliamini hachoki, kuna jambo moja hawakumfanyia.

Hawakumwambia pole.

Huku mtu hupewa pole kwa kila kitu. Akitoka shamba, pole na kazi. Akishuka kwenye gari, pole na safari. Akijikwaa kwenye kisiki, pole, hata kama kisiki kiko mlangoni kwake na anakijua. Baada ya mechi mashabiki walipita benchi zima wakiwapa wachezaji pole, mmoja mmoja, na wakifika kwa Kisa wanapiga makofi. Mwalimu Gwamaka naye aliwatoa wote kwa zamu wakanywe maji, lakini Kisa alimwacha. Watangazaji wa mpira redioni husema mchezaji fulani amepumzishwa. Kisa alilipenda neno hilo kama wenzake walivyopenda medali. Katika miaka yake yote pale chuoni, hakuna siku mechi ilikuwa inaendelea yeye akiwa amekaa. Hakujua mchezo wao unafananaje ukiutazama ukiwa pembeni.

Na siku hii ya mwisho hilo ndilo alilolitaka. Zawadi hakuiwazia, wala hotuba. Alitaka kukaa.

Wageni walitoka Tukuyu, wasichana wenye mapafu ya milimani, na joto la Kyela liliwakera mwanzoni tu. Kufika mapumziko walikuwa mbele kidogo. Goti la kushoto la Kisa lilikuwa limeanza kutoa ule moto wake wa zamani, na viganja vilivyochanwa na majani ya mpunga viliwaka kwa jasho la mpira. Alimfuata Mwalimu Gwamaka pembeni, karibu na ndoo ya maji, akakunja mikono kwa adabu.

"Mwalimu," akasema, "leo naomba unipumzishe kidogo."

Mwalimu alimtazama, kisha akacheka cheko la mtu mwema aliyetaniwa. Akamwonyesha watu juu ya ukuta wa jiko. Akamwonyesha shuka. Akamwambia wale wa Ipinda wamekuja kwa nauli zao, hawakuja kumwona Prisca.

Prisca, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekaa benchi muhula mzima akiwa amevaa koti juu ya jezi, alisikia. Akaangalia viatu vyake. Kisa akanywa maji akarudi kati.

Nyuma ya benchi, kwenye kigoda chake, alikaa Bi Mwanaisha, mama yake Salim. Alikuja kila mechi na beseni la kashata, na kila mechi aliondoka bila kujua nani ameshinda. Sheria za mchezo hazikumwingia. Wengine waliufuata mpira kwa macho. Yeye, kwa kuwa mpira ulimpa kizunguzungu, alichagua mtu mmoja akamtazama huyo tu, na mtu huyo alikuwa Kisa. Hivyo aliyaona ambayo mashabiki hawakuyaona. Alijua mguu upi unaburuzwa. Alijua kwamba binti yule, akidhani hatazamwi, huegemea nguzo ya goli kwa kipaji cha uso kama mtu anayesali.

Mapajani mwa Bi Mwanaisha palikuwa na doti ya kanga, zawadi ya mashabiki wote, iliyokuwa ikabidhiwe mwishoni baada ya hotuba ya Salim. Tangu asubuhi Salim alikuwa ameitolea maelezo. Walitaka rangi ya bluu, rangi ya chuo, na dukani bluu ilibaki hiyo moja, kwa hiyo jina la kanga wasilisome sana. Mama yake ndiye aliyetumwa kuinunua.

Robo ya nne ilipoanza, Kisa aliruka chini ya goli la wageni, akaudaka mpira, akasukumwa, akaanguka na ubavu kwenye saruji. Kipenga. Mwamuzi akampa mitupo miwili. Kisa akasimama mstarini peke yake na mpira mikononi, na uwanja mzima ukanyamaza, maana kila mmoja alitaka afunge, walau leo. Alilitazama goli. Lilikuwa mbali, dogo kama tundu la kisima mtu akiwa ndani yake.

Katika ukimya ule Bi Mwanaisha aliinuka.

Katika ngoma na taarabu alizokulia, mcheza akikugusa moyo humngojei amalize. Unaingia katikati, mbele za watu, unamtunza kwa pesa au kanga pale pale alipo. Hakuona kwa nini hapa pawe tofauti. Akauvuka mstari mweupe taratibu, na kandambili zake, kanga moja begani na nyingine ameikunjua mikononi. Mwamuzi alipiga kipenga. Salim akaita, "Mama! Mama, bado!" Bibi hakugeuka. Akafika kwa Kisa, akauchukua mpira mikononi mwake kama unavyompokea mtu mzigo mlangoni, akaubana kwapani, akamzungushia kanga kiunoni na kuipachika vizuri.

"Pole, mwanangu," akasema. "Pole na kazi."

Kila mtoto anajua jibu la pole. Unasema, nimeshapoa. Unasema hata kama damu inatoka. Kisa alifungua mdomo aliseme, na halikutoka.

"Sijapoa, bibi," akasema.

Mwalimu Gwamaka alikuwa amekimbilia kati kumtoa bibi kizee uwanjani, na alifika wakati wa maneno hayo. Akasimama. Akautazama uso wa Kisa kama mtu anayelitazama shamba lake mwenyewe baada ya maji kupita. Mwamuzi akaja amenuna, akauliza mama huyu ni nani, mchezo unaendelea au hauendelei, na kwamba mwenye mitupo haruhusiwi kubadilishwa isipokuwa ameumia. Ameumia?

Mwalimu akamgeukia mwamuzi.

"Ameumia," akasema. Akageukia benchi. "Prisca, vua koti."

Kisa akatembea kutoka uwanjani, na kanga ikawageukia watu wa ukutani wakaisoma. Iliandikwa NIMECHOKA NA MANENO YENU. Kicheko kilianza upande wa wanafunzi, kikaenda nusu njia, kikafa. Salim alishika kichwa, akaanza tena kueleza habari ya bluu, halafu hakumaliza. Kisha mwanamume mmoja wa Ipinda, mtu mzima mwenye kofia ya chama cha ushirika, alisema kwa sauti ya kawaida, kama anampita mtu njiani na jembe, "Pole, dada." Jirani yake akasema, pole. Neno likazunguka uwanja hivyo, bila ngoma na bila makofi, watu wakilitoa mmoja baada ya mwingine, mpaka likafika kwenye ukuta wa jiko, ambako wapishi nao walilisema.

Kisa alikaa. Benchi lilikuwa gumu kuliko alivyodhani, na lilikuwa tamu. Prisca alirusha mtupo wa kwanza, ukakosa. Wa pili ukagonga chuma ukaruka juu, ukadunda kwenye saruji mahali ambapo hapakuwa na mtu, na miguu ya Kisa ikajikaza yenyewe ndani ya kanga. Bi Mwanaisha, aliyekuwa amemrudishia mwamuzi mpira na kuketi benchini kando yake, akamwekea mkono pajani.

"Acha," akamwambia. "Wataokota."

Kisa aliutazama mchezo kidogo. Aliona jinsi wenzake wanavyoitana kwa mikono, jambo ambalo chini ya goli hakuwahi kuliona. Aliona Prisca akianguka na kuinuka, na mtu akimwita Prisca kwa jina. Alitaka kuhesabu pointi. Kichwa chake kikateleza pole pole mpaka begani kwa bibi, mdomo ukafunguka, akalala.

Wageni walishinda. Kipenga hakikumwamsha, wala vigelegele vya wasichana wa Tukuyu. Saa ya hotuba ilipofika watu walisogea benchini wakasimama duara, hawajui la kufanya. Salim alitoa karatasi yake mfukoni, akamtazama mama yake, akaanza kusoma kwa sauti ndogo, ya mtu anayepita chumba chenye mtoto mchanga. Alikuwa ameandika vizuri na kwa madoido. Kila alipofika penye neno hachoki alikohoa, akaliruka, akaokota sentensi mbele yake. Ilitoka hotuba fupi. Alipomaliza hawakupiga makofi. Walipita mmoja mmoja wakinong'ona pole, kama walivyopita siku zote, wengine wakigusa ncha ya benchi tu, na wasichana wa Tukuyu nao wakapita. Mwalimu Gwamaka alikuwa wa mwisho. Aliweka chini ndoo ya maji, akasema pole yake, akaenda kuteremsha shuka.

Aliko alifika na pikipiki ikinguruma. Bi Mwanaisha akainua kidole, naye akazima. Kwa kunong'ona Aliko akaeleza kwamba kesho wanapura mpunga, na mama mtu anamsubiri binti kabla ya giza. Bibi akasema amwambie mama mtu kwamba binti atalala kwake leo, na kesho pia ikibidi. Aliko akapiga simu, amejitenga kidogo, amefunika mdomo kwa kiganja.

"Anaumwa?" mama yake Kisa akauliza kule Katumba Songwe. Aliko akasema hapana, mama, amelala. Amelala uwanjani, kwa watu.

Upande wa pili zilisikika sauti za wadogo zake Kisa, na mtu akikung'uta turubai.

"Mfunikeni miguu," mama akasema. "Kuna mbu."

Aliko akayafikisha maneno. Bi Mwanaisha akaiteremsha begani kanga ya pili ya ile doti, akaitandaza juu ya miguu ya Kisa, akaikunja chini ya visigino, hata mbu mmoja asipate njia.